Waliuliza rangach iko wapi: rivyu ya CLO na wazee wa barabara yetu ya Seme

Kalvati ya kuingilia kwetu ilikuwa imechorwa nyuma ya choo. Naanza na hiyo juu ukiielewa utaelewa kila kitu kingine nasema hapa. Ramani ya kontrakta ilisema kila boma lipate kivuko kimoja cha kuvuka mtaro, na surveya akipiga hesabu zake akaona mahali rahisi kwetu ni upande wa migomba, ardhi iko sawa, hakuna mti wa kukata. Kwa karatasi hakuna shida yoyote. Lakini boma la Mjaluo lina lango moja la heshima, rangach, na hiyo yetu baba aliiweka mwenyewe siku alitoka kwa babu kuja kuanzisha dala yake, tukaja naye na jogoo, shoka na moto, mimi nikiwa mtoto mdogo lakini kifungua mimba so lazima ningekuwepo. Baba ameshalala, kaburi lake liko hapo kulia kwa nyumba ya mama. Sasa fikiria wageni waanze kuingia kwa mama wakitokea chooni, wapenye kwa migomba, jeneza siku moja lipitie hapo, mahari ya dada zangu ipitie hapo. Mama hangesema kitu kwa baraza. Angenyamaza tu, na hiyo uchungu angekaa nayo miaka.

Kwa hivyo hii ni rivyu ya huduma, si ya barabara. Barabara yenyewe ni ya kutoka lami ya Kisumu-Bondo kushuka upande wa ziwa, maramu miaka yote na matope ya kufa mtu mvua ikinyesha, sasa imewekwa lami na lami iko sawa, boda ilikuwa inanitoza mia mbili wakati wa mvua sai ni mia. Yenye nataka kusema ni juu ya wale watu walikaa katikati ya kontrakta na sisi, yaani afisa wa jamii wa mradi, wale tunaitanga CLO, pamoja na kamati ya wazee yenye alifanya nayo kazi. Mshahara wake na marupurupu ya kamati yametoka kwa bajeti ya barabara, na bajeti ya barabara ni ushuru wetu na mikopo yenye watoto wetu watalipa, so tuko na haki ya kusema walifanya kazi aje.

Nimeona vile inaendanga bila watu kama hao. Shangazi yangu alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara upande wa Nakuru, ugali matumbo na chai, zaidi ya miaka kumi hapo, amesomesha watoto wawili na hiyo sufuria. Asubuhi moja akapata X nyekundu kwa bati, wiki chache baadaye tingatinga ikaja. Aliambiwa yuko kwa ardhi ya barabara na ardhi ya barabara hailipwi, mazungumzo yakaisha hapo. Ni kweli ardhi si yake. Lakini Benki ya Dunia iko na masharti yake ya mazingira na jamii, yalianza kutumika Oktoba 2018, na kwa miradi yenye wanatoa pesa hayo masharti yanasema hata mtu hana karatasi ya shamba asaidiwe kwa kile amejenga na kwa riziki yenye inakatika. Watu wa vibanda hawajui hata hilo swali liko. Shangazi hakuna mtu alikaa chini naye hata dakika kumi, na mpaka leo akiongea juu ya hiyo siku hasemi bati wala sufuria, anasema "hawakunisalimia."

Sasa linganisha na vile huyu CLO wetu alifika. Alikuja na wazee wawili, wakasimama nje ya rangach mpaka mama akatoka kuwakaribisha, wakakaa chini ya mwembe, wakakunywa chai, wakaulizana habari za mvua na za watoto. Nilikuwa nimetoka Kisumu nikiwa na hasira yangu tayari, nimebeba title ya shamba kwa bahasha nikijua ni vita. Mwanamke hata hakuuliza title. Aliuliza mambo matatu akiandika kwa kitabu: rangach iko wapi, nani wamelala hapa na wamelala upande gani, na kuna mti wowote hamtaki uguswe? Title aliiuliza siku ya tatu kuja kwetu.

Injinia kwanza alikataa mambo ya kalvati. Alisema michoro ishapigwa muhuri, akibadilisha kwetu atabadilisha kwa kila mtu. Jaduong' mmoja wa kamati, mzee wa zaidi ya miaka themanini hivi, akamwambia pole pole, "Nyathina (yaani mtoto wangu), sisi hatukatai barabara. Tunakuonyesha mlango." Alafu akamweleza vile reli ilifika Kisumu 1901 bila mtu kuuliza boma la nani liko wapi, na vile Wanandi walipigana nayo mpaka kiongozi wao Koitalel Samoei akauawa 1905, na vile watu wa huku Kisumu bado wanaisimulia hiyo hadithi zaidi ya karne baadaye. Injinia alisikiza mpaka mwisho. Kivuko kikasogezwa mita sita hivi kikaangalia rangach. Mapipa ya zege yalikuwa hayajalazwa, so ilikuwa ni kazi ya nusu siku ya kuchimba na greda. Nusu siku! Na boma ngapi barabara zetu zimeharibu heshima yake juu ya nusu siku yenye hakuna mtu aliitoa.

Mambo ya kaburi ndiyo ilinifanya niandike hii kitu yote. Dani, mama ya baba, alizikwa kwa boma la babu, lile lilishakuwa gunda, watu walihama kitambo lakini makaburi yako. Boma liko karibu kabisa na barabara, na upanuzi ulikuwa unakula kaburi lake karibu lote. Mpango wa kwanza wa ofisi ulikuwa familia ipewe kiasi fulani cha pesa kwa kila kaburi, mjipange wenyewe, na kwa mchoro walikuwa wameonyesha mahali pa kumhamishia, pale mwisho wa shamba kando ya ua. Yule aliyechora hakuwa na ubaya, aliona nafasi tupu akaweka alama. Lakini kwetu kando ya ua au nje ya ua ndio huzikwa mtu alijitoa uhai, au binti alikufa kabla ya kuolewa. Mwanamke mwenye nyumba hulala kushoto kwa nyumba yake. Dani alizaa watoto tisa kwa hiyo boma. Ukimpeleka kwa ua umemtukana akiwa amelala na hawezi jibu, na ukoo wote utasema kila ugonjwa ukiingia, kila mimba ikitoka, ni juu ya hiyo. Uamini au usiamini chira, ile laana ya kuvunja mila, utaishi na watu wenye wanaamini.

CLO alivyosikia hiyo kutoka kwa wazee aliifuta kwa mchoro mbele yetu. Tukakubaliana Dani asogezwe ndani, abaki upande wa kushoto wa mahali nyumba yake ilikuwa, msingi bado unaonekana. Kibali kikatafutwa, juu Sheria ya Afya ya Umma haikubali mtu kufukua kaburi hivi hivi, na afisa wa afya akawepo. Hapa nataka kuwasifu kabisa: hatukusukumwa tarehe. Waliuliza familia ni siku gani watoto wake wenye wako hai wanaweza kufika, mmoja alikuwa anatoka Mombasa, tukangojwa. Wazee wakasema kusiwe na matanga mapya, alishaliliwa, iwe maombi, chakula kidogo, na wale wa damu yake wawe wa kwanza kugusa udongo. Tulianza alfajiri kabla jua halijatoka. Sanduku dogo, simiti, hema na chakula mradi ulilipa yote, hatukupewa bahasha tukaachwa. Na mitambo yote ilizimwa siku nzima. Wale vijana wa rola na dampa, wengi wametoka mbali, kuna wa Kitui kuna wa Meru, walivua kofia zao wakasimama upande ule mwingine wa barabara kimya. Mjomba wangu alikuwa ameapa hiyo barabara itapita juu ya maiti yake. Alivyoona hao vijana alivuka akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, na kutoka siku hiyo hakusema vibaya juu ya barabara tena.

Kuna familia nyingine hapo juu mchimbaji hakupata chochote kwa kaburi la zamani, udongo tu. Wazee walijua cha kufanya, yago, lile tunda refu kama soseji la mti, ndilo Waluo huzika mahali pa mtu mwenye mwili haupatikani. Wakalizika yago mahali papya, mambo yakatulia. Hiyo haiko kwa mwongozo wa injinia yeyote na ilitatua kitu kingefika kortini.

Mti pia. Sokoni kuna ng'owo mkubwa, akina mama wa omena na nyanya wamekaa chini yake tangu mimi nikiwa shule ya msingi, baraza za chifu ni hapo, kesi za shamba ni hapo. Uliponea kwa kusogeza kituo cha matatu ng'ambo ya pili. Kama unafikiri ni mambo ya kijijini kumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way Nairobi, 2020, barabara ya juu ilikuwa inaukata na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri ubaki, na uko hapo mpaka leo, umri wake unasemwa ni zaidi ya miaka mia. Ikiwezekana kwa barabara kubwa vile inawezekana kwa ya kwetu. Na sisi ni majirani wa Kit Mikayi, yale mawe mila zake UNESCO iliziweka 2019 kwa orodha ya urithi wa kulindwa haraka. Hatuhitaji kufunzwa kwamba mti au jiwe linaweza kuwa na wenyewe.

Kazi sasa. Kila barabara inakujanga na vita ya nani ataandikwa, na kawaida ni mtoto wa nani anajua nani. Wazee walipendekeza kitu ya zamani, rika, vile watu walikuwa wanalimiana shamba kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Kila kijiji kikapata zamu yake ya kibarua ya wiki mbili, kuchimba mtaro, kupanga mawe, kupanda nyasi kwa kingo. Nyanza si mara ya kwanza kuona barabara za mikono ya wenyeji, ule mpango wa Roads 2000 wenye Waswidi walisaidia ulifanya hivyo hivyo huku. Rika ilipunguza fitina sana, sitadanganya imeisha, kuna kijana wa kijiji cha tatu alikosa zamu mara mbili na lalamiko lake halikujibiwa mpaka alienda kwa chifu. Lakini mawe hayakurushwa kwa mitambo hata siku moja, na hapo tumetoka mbali.

Nikuje kwa yenye ilinisumbua, na hii naiandika kwa uzito.

Kamati ilianza ikiwa wanaume tupu. Wazee tisa, hakuna mama hata mmoja. Ukisema unatumia mila alafu unaita nusu ya watu, hiyo ni mila ya nani? Kulikuwa na mjane mmoja, jirani yetu, shemeji zake walikaa kwa hiyo kamati wakasema kipande cha shamba kinachokatwa ni cha ukoo, fidia iende kwao. Yeye ndiye analima hapo miaka ishirini. CLO alisimamisha mkutano, na hapo nilimheshimu, akawaambia hatasaini kitu mpaka mjane aongee, na kutoka hapo akina mama watatu wakaongezwa kwa kamati. Watatu kwa tisa bado ni kidogo. Ilifaa wawe hapo siku ya kwanza, hata mambo ya visima na njia za kuchota maji yangejulikana mapema, juu ni mama watatu hao ndio walisema mtaro unakata njia ya kisima, wanaume walikuwa hawajaona.

Title ndiyo shida ingine. Shamba nyingi huku bado ziko kwa jina la babu alikufa zamani, na bila urithi kufanywa kortini fidia haitoki. Katiba ya 2010 kwa ibara ya 40 inataka mtu alipwe haraka na kwa haki shamba lake likichukuliwa, Sheria ya Ardhi ya 2012 ikapatia Tume ya Taifa ya Ardhi hiyo kazi, lakini kila mtu anajua fidia za barabara hii nchi zinakaanga miaka. Hapa wazee walisaidia sana juu wanajua ukoo kwa kichwa, walikaa na chifu wakaandika barua za urithi nyumba kwa nyumba bila kuruka mtu. Isipokuwa mabinti. Mabinti wameolewa waliachwa nje ya orodha za kwanza, na sheria ya urithi haibagui binti. Dada yangu alisafiri kutoka Kakamega kuja kusema jina lake liingie. Liliingia. Wale wenye hawakuwa na nauli ya kuja je?

Na nasema hii wazi kwa kila mradi unasoma hapa, mila si mbadala ya fidia. Kwa kijiji cha pili niliona mtu wa ofisi akijaribu kumaliza lalamiko la ukuta uliopasuka na rola kwa kuleta mbuzi na kusema "tumepatana kimila." Mbuzi ni wa kuomba msamaha. Ukuta unalipwa. Wazee wenyewe walimkatalia, na hiyo naiweka kwa upande wao mzuri.

Wasichana. Hii wazazi wengi hawataki kuongea. Kambi ya wafanyikazi ikifika kijijini na mishahara, watoto wetu wako hatarini, na si maneno ya kutisha watu. Hapo tu Uganda, barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal, Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta pesa za mradi mzima, na moja ya sababu kubwa ni wasichana wadogo kudhulumiwa na wafanyikazi wa kontrakta. Kwetu akina nyanya walifufua kitu kama siwindhe, ile nyumba ya bibi mahali wasichana walikuwa wanalala na kufunzwa zamani, si kulala lakini kila Jumamosi alasiri wasichana wanakutana na mama wazee wawili na muuguzi wa zahanati, wanaongea bila wanaume. Wafanyikazi nao waliletwa kanisani wakatambulishwa kwa majina mbele ya kijiji kabla kazi ianze. Mtu anajulikana ni nani na analala wapi ni vigumu ajifiche. Lakini nilitaka kuona zaidi: nambari ya kupiga yenye haipitii kontrakta, na bango la sheria ya makosa ya kingono ya 2006 pale langoni kwa kambi, kwa Kiswahili na Kijaluo. Nililiomba mara mbili. Bango halikuwekwa.

Vumbi walimwagia maji asubuhi na jioni miezi ya kwanza, baadaye wakalegea. Picha za nyumba kabla ya rola walipiga, hata za nyumba za udongo, hiyo ni sawa kabisa.

Kama barabara inakuja kwenu, Gem, Vihiga, Rongai, popote, usingoje baraza ya uzinduzi yenye viongozi wanakuja na hema. Siku unaona vijana na vile vijiti vyekundu vyeupe shambani, hiyo ndiyo siku. Toka, salimia, waonyeshe lango, waonyeshe makaburi kwa mkono wako, uliza CLO ni nani na ofisi yake iko wapi. Piga picha ya kila kitu. Tafuta barua ya chifu ya urithi hata kama hamjaanza kesi, na majina ya dada zako yawe ndani. Na uliza kamati iko na akina mama wangapi.

Nawapa nyota nne kwa tano. CLO peke yake ningempa tano, alifanya kazi na roho yake, kuna siku nilimpata saa moja usiku kwa steji ya Kombewa akingoja matatu na kitabu chake kimelowa mvua. Nyota moja naishikilia juu ya yule mjane. Kivuko chake kiliwekwa mwisho kabisa, zege likapasuka mvua ya kwanza, na sasa mkokoteni wake hauvuki, anabeba magunia kwa kichwa mpaka barabarani. Amelalamika, limeandikwa kwa kitabu cha malalamiko, nimeona mwenyewe ukurasa. Kontrakta bado yuko kwa kipindi cha kurekebisha kasoro. Mimi huenda nyumbani kila mwisho wa mwezi na kwake ndiyo njia, kikitengenezwa nitakuja hapa kubadilisha hiyo nyota.